Mla Majivu wa Suhum

Miaka thelathini Pokuaa alikuwa akipika sabuni nyeusi pale Suhum, Ghana, na hakuna sufuria iliyowahi kumwaibisha. Hii ya leo ilikuwa inamwaibisha mbele ya mkwe. Tangu asubuhi alikuwa akikoroga maji ya majivu na mafuta ya mawese, na mpaka jua la utosi mafuta yalikuwa yakielea tu juu.

Binti yake Konadu alikuwa amebakiza wiki tatu kujifungua. Siku ya nane mtoto hupewa jina, na Pokuaa alikuwa ameapa kwamba mjukuu wake wa kwanza ataogeshwa kwa sabuni ya mkono wake. Lakini sabuni changa huchoma ngozi, sharti ilale wiki tatu. Ikipita wiki hii, basi tena.

Dufie, mama wa mume wa Konadu, alikaa kwenye kigoda akijipepea.

"Mkwe, usijitese. Mimi nimeshanunua ya dukani, ya waridi. Inanukia hadi barabarani."

"Kamwogeshe mbuzi wako."

Pokuaa akaepua sufuria, akaliendea gunia la majivu. Majivu yalikuwa ya kijivu, laini, kama ya siku zote. Kwa macho hungeona tofauti. Akaloweka kiasi kwenye bakuli, na kwenye bakuli la pili akaloweka mabaki ya mwezi uliopita yaliyokuwa koponi. Maji ya koponi yakageuka rangi ya chai, yakateleza vidoleni, na yai alilotia kupima ukali likaelea. Ya guniani yalipauka tu, na yai likazama. Akachovya ncha ya kidole, akagusa ulimi.

"Mungu wangu! Mwanangu kaoa kwa mla majivu," Dufie akacheka.

"Ya kopo yanauma. Haya mapole kama uji. Haya ni majivu ya kuni, si ya maganda ya kakao! Nani kayatia humu?"

Kicheko kikakatika. "Mimi. Niliona gunia limepungua, nikalijazia ya jikoni kwangu. Kwani majivu si majivu tu?"

"Hata kidogo, mama! Yanafanana sura tu. Ganda la kakao lina ukali, na ukali huo ndio unaogeuza mafuta yakawa sabuni. Haya, inuka, ukanibebee maganda."

Dufie akabeba, tena kichwani. Wakachoma, wakachuja, na kesho yake mafuta yakashikana na maji, yakawa mazito mpaka mwiko ukasimama wenyewe. Pokuaa akapiga kigelegele peke yake, bila haya.

Siku ya nane baada ya Konadu kujifungua, ua ulijaa watu. Kipande cheusi tii kikatoa povu jeupe juu ya mgongo wa mtoto, na ngozi yake ikang'aa.

"Sabuni ya nani hii?" mgeni mmoja akauliza.

Pokuaa akafungua kinywa, kifua mbele, lakini Dufie akamwahi, kwa sauti ya kusikika ua mzima.

"Ya bibi yake. Yule mla majivu."