Kikohozi cha Baba Mkwe

Nilimwaga pamba ya nesi mezani, nikaligeuza bakuli lake la chuma, nikalibamiza kwa kufuli la kabati nyuma ya kichogo cha binti yangu. Foleni nzima ya kliniki ililipuka. Vichanga vya watu vilirusha mikono juu, vikalia kwa pamoja kama kwaya isiyofanya mazoezi. Wangu, wa miezi mitano, alikuwa anaitazama hereni ya nesi na kutabasamu.

"Haya," nikamwambia nesi, "andika tena kwamba ni mpole."

"Mama, unanivurugia chanjo!"

"Wenzake wamesikia. Huyu je?"

Akaanza kuzoa pamba yake. Kila kliniki nilikuwa namwambia mtoto hashtuki, naye kila kliniki anampima uzito, anajaza kadi, anacheka: "Una bahati wewe, umepata mtoto mpole. Wenzako hawalali." Bahati hiyo ilikuwa imenifika hapa, shingoni.

Aliyegundua mapema kuliko wote ni baba mkwe, na hapo lazima nieleze. Kwetu Wanyakyusa, mke hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Wengi siku hizi wameshaacha. Wa kwangu, pale Bujonde, hajaacha. Akiingia uani anakohoa kwanza ili nijifiche. Na kikohozi chake si cha ugonjwa, ni honi ya lori la kakao. Kuku wanaruka, mbuzi anasimama, mimi natupa mwiko nakimbilia nyuma ya jiko. Mtoto niliyemwacha mkekani hata kope hapepesi.

Mama mkwe alifurahi sana. "Huyu kazaliwa na adabu. Hashtuki ovyo kama mama yake."

Mzee hakufurahi. Kwa kuwa hasemi nami, husema na mtoto, kwa sauti ya kunifikia nilikojificha.

"Mjukuu wangu, mwambie mama yako nimekohoa mpaka mbavu zinauma, na wewe hujageuka. Akupeleke ukapimwe masikio."

Karibu yangu palikuwa na kuku. Nikamtuma yeye. "Kuku, mwambie babu tumeshakwenda. Wamesema ni mpole."

"Basi kuku, mwambie safari ijayo aende na kikohozi changu."

Kikohozi chake hakibebeki, ndiyo maana nilitumia bakuli.

Nesi aliandika rufaa siku ileile, nadhani kwa kulihofia bakuli kuliko kwa kunihurumia mimi. Kabla sijaondoka kwenda hospitali ya Mbeya, mama mkwe akanipa sababu yake ya mtoto kutosikia. Nikiwa na mimba, wakati wa mafuriko, nilikutana na mzee juu ya tuta la mashamba ya mpunga, maji huku na huku, hapana pa kukimbilia. Alisema masikio ya mtoto yalizibwa siku hiyo. Nikamwambia, "Mama, kama baba mkwe angekuwa anaziba masikio, Kyela mjini watu wangekuwa wanaongea kwa mikono sokoni." Akacheka, lakini hakubadili msimamo. Akanifungia ndizi za njiani.

Mbeya walimbandika mtoto nyaya kichwani akiwa amelala. Sikio la kulia halisikii kabisa. La kushoto linapata sauti kubwa tu. Daktari, mama mmoja mtulivu mpaka ananiudhi, akaanza kuuliza habari za mimba. Uliwahi kuumwa? Niliwahi. Homa, tezi za shingo, mwili kuchoka. Walinipima malaria, haikuonekana, wakanipa panadol na pole. Nyumbani palikuwa na mtoto mdogo? Alikuwapo. Mtoto wa wifi yangu, ndiyo kwanza ameanza kukimbia, nililala naye, nilimwogesha, nilimalizia uji wake kwa kijiko chake. Tena alikuwa na ukarimu wake: akichoka kutafuna ndizi anaitoa mdomoni, anakuwekea wewe mdomoni, anakukodolea macho mpaka umeze. Nani anamkatalia?

Daktari akasema kuna kirusi kinaitwa saitomegalo. Kinakaa sana kwenye mate na mkojo wa watoto wadogo. Mtu mzima kinampita kama mafua, au hata hajui, kisha kinalala mwilini mwake maisha yote. Kinasumbua penye kinga iliyochoka, na kwa mjamzito kinaweza kumfikia mtoto tumboni na kuchukua masikio yake.

"Ndicho hicho?"

"Nahisi. Siwezi kuapa. Tungempima mate au mkojo ndani ya wiki tatu za kwanza tungejua, na pengine dawa ingefaa. Sasa tukikikuta, hatujui kama alizaliwa nacho au amekipata baadaye. Ila sikio la kushoto lisiachwe, linaweza kuendelea kushuka. Avalishwe kifaa mapema, mfundishwe ishara, apimwe mara kwa mara. Na si kosa lako, mama."

"Najua si langu. Natafuta la nani."

Alicheka. Mimi sikuwa natania.

Tuliporudi nyumbani nilikaa kuiandikia kliniki malalamiko, mume wangu akizunguka nyuma yangu. "Watatununia kliniki." Nikamwambia wanune, ilimradi wasiandike tena "mpole". Mara kikohozi. Nikakimbilia nyuma ya jiko na karatasi zangu. Mzee akamwinamia mjukuu wake. "Mwambie mama yako na mimi niwekwe humo."

"Ndaga fijo, baba," nikamtuma kuku anishukurie.

Asubuhi nilikabidhi nakala mbili, moja ikarudi na muhuri. Nilichoandika ni hiki:

Kwa Mganga Mfawidhi. Yah: Mtoto kiziwi kuitwa mpole. Nalalamika kwamba nilieleza mara nyingi kuwa binti yangu hashtuki, na sikupewa rufaa mpaka nilipopiga bakuli. Bakuli halikuharibika. Naomba mama akisema mtoto hasikii, aandikiwe rufaa siku hiyohiyo. Naomba wajawazito waambiwe kuhusu mate na mkojo wa watoto wadogo, kunawa mikono na kutochangia kijiko, kwa sababu mimi sikuambiwa. Naomba mjamzito mwenye homa isiyo malaria asirudishwe na panadol tu. Sikio la kushoto la mtoto wangu bado lipo na sitaki lipotee kwenye foleni. Shahidi wangu ni babu yake, ambaye kwa mila siwezi kusimama naye mbele yenu. Atakuja siku yake. Mtamsikia kabla hajafika.