Shujaa Aliyefunga Kanga

Juzi sokoni Kibiti, penye mitumba, msichana mdogo alifunua kitabu cha katuni akapaza sauti: "Mama, tazama! Anaruka angani, na mweusi kama mimi! Kafunga na kanga shingoni!"

"Nawe ukiruka, vyombo ataosha nani?" mama akamtania.

Wakacheka, nami niliyesimama kando yao nikaona wivu. Marehemu binti yangu alikuwa akiwapaka masizi ya chungu mashujaa wa vitabu vyake, wapate kufanana naye. Hakuwahi kumwona aliyechorwa hivyo tangu mwanzo.

Mkono wangu ulikuwa umeshakishika kile kitabu. "Mzee, unakitaka wewe?" yule mama akaniuliza.

Nikakiachia taratibu. Alhamdulillahi, mashujaa weusi wamefika hata kwetu. Mungu anisamehe, ningependa wangemfikia wangu kwanza.