Kifuniko cha Machage

Machage wa Natta aliwahi kuibiwa ng'ombe, na tangu siku hiyo hakubakiwa na kitu kisichokuwa na kufuli: zizi, ghala, banda la kuku, hata choo. Aliposikia kuna wanyonyaji wa petroli kijijini, alikata ukanda wa tyubu, akauzungusha kwenye kifuniko cha tangi la pikapu yake kuukuu, kisha akakikaza kwa waya na koleo.

"Hata pumzi haipiti," alijisifu.

Wiki hiyo hiyo pikapu ikaanza kuzimika njiani. Fundi Method alibadilisha plagi, ikazimika. Akasafisha kabureta, ikazimika. Machage akalaumu petroli ya magendo, kisha kijicho cha majirani, mwishowe shetani. Kifuniko hakikulaumiwa. Kilikuwa kazi ya mikono yake.

Jumamosi alikuwa anakwenda Nkende na mkewe, Wegesa, kumposea kijana wao Emanueli. Mzee Matiko, baba wa binti, alikuwa ametamka kwamba saa sita ikipita hawajafika, atawasikiliza wachumba wengine.

Pikapu ilizimika mara tatu. Kila mara Machage alifunua boneti, akachezea waya asioujua kazi yake, kisha akazunguka kufungua tangi, kuhakikisha mafuta hayajaibiwa, kana kwamba wezi walikuwa wamening'inia chini ya gari tangu asubuhi. Tangi likavuta pumzi: fyuuu. Akafunga, akapiga stata, ikawaka.

"Umeona? Ni ule waya wa kulia."

"Baba Emanueli, uache huo waya," alisema Wegesa, kibuyu cha maziwa mapajani. "Dumu la mafuta ya taa lisipoingia hewa, halimiminiki. Tangi nalo umelikaba koo. Legeza kifuniko."

"Ufundi umesomea wapi?"

"Jikoni."

Alilegeza kwa kinyongo, na pikapu ikatambaa bila kukohoa mpaka Tarime. Hapo akasimama, akatoa koleo. "Wezi wa mjini hawa, wananyonya gari likitembea." Akakaza kuliko mwanzo.

Ikazimika kwenye kilima cha mwisho, nyumba ya Matiko ikionekana. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Wegesa akashuka na kibuyu chake, akaenda kwa miguu bila kugeuka.

Machage alipofika, jasho likimtiririka, alikuta wazee wanakunywa maziwa. Walinyamaza ghafla, kama watu waliokuwa wakicheka.

"Karibu, mkwe," alisema Matiko. "Mama Emanueli alifika kwa wakati, akatusimulia safari nzima. Tumebakiza swali moja tu. Binti yetu naye mtamfungia hivyo hivyo, au ataachiwa nafasi ya kupumua?"

Machage alimtazama mkewe. Wegesa alikuwa anatazama kibuyu.

Polepole akatia mkono mfukoni, akatoa koleo, akaliweka mezani.