Mzee Aliyesubiri Njia Ifunguliwe

Juzi nilikwenda Kariakoo kununua mapazia, nikajikuta ghorofa ya tatu ya jengo lililojengwa palepale ilipokuwa nyumba ya bibi yangu. "Anti, hili hulipendi?" muuzaji akaniuliza. Nikamwambia ngoja kwanza. Maana, rafiki yangu, chini ya duka lile ndipo palipokuwa uani kwetu, na uani pale kuna mzee alikuwa akizungumza na marehemu mkewe, mchana kweupe.

Usinicheke. Enzi hizo, nikiwa mtoto, nchi mbili jirani ziligombea ardhi ya mpakani, zikaletwa Dar zipatanishwe. Wakubwa wakawa wanakutana hotelini, kule Posta. Mzee aliletwa kutoa ushahidi, kwa kuwa kijiji chake ndicho kilichogombewa. Alipomaliza kuhojiwa, kurudi ikawa haiwezekani: njia imefungwa, havuki mtu hadi wapatane. Bibi akasikia habari zake, akamwonea huruma, akampa chumba cha uani.

Kilichomuuma kilikuwa kimoja tu. Mkewe alizikwa kule kijijini, na ubavuni mwake mzee alishajiwekea nafasi.

"Nikifia huku, atalala peke yake," alikuwa akisema.

"Acha uchuro, mzee. Kunywa kahawa," bibi akimjibu.

Kila alasiri bibi alichoma vitumbua, mimi nimekalia mbuzi nakuna nazi, huko nje machinga wananadi kandambili kwa fujo. Mzee aliketi mwisho wa mkeka, akaomba vikombe viwili. Akawa anaongea kwa lugha ya kwao, ananyamaza kusikiliza, kisha anacheka. Anacheka na nani, hatumwoni! Na mimi ndiye niliyeosha vyombo. Vikombe vyote viwili nilivikuta vimebaki mashapo tu. Jirani yetu, muuza khanga, alisema mzee anavinywa vyote mwenyewe.

"Haya, kakae pale kando yake basi," bibi akamwambia. Thubutu! Alikumbuka ghafla kwamba ameacha mboga jikoni.

Alasiri moja mzee aliomba kikombe kimoja.

"Na mwenzio?" bibi akauliza. Alitaka kumtania tu.

"Leo hana nafasi. Anafagia pale petu."

Mara tukasikia harufu ya moshi wa kuni. Nyumba nzima tulipikia mkaa, na majirani vilevile. Bibi alisimama na kijiko mkononi hadi vitumbua vikaungua, yeye ambaye kwa kitumbua kimoja kilichoungua alikuwa anatutoa roho.

Asubuhi tukamkuta mzee amefariki. Mjomba alikimbia Posta kuomba maiti ipitishwe. Mlinzi wa getini akamwambia wakubwa wako kikaoni, wasisumbuliwe. Maiti haingoji vikao. Tukamzika hapahapa mjini, siku ileile.

Wiki haijaisha, akaja kijana wa suti kutoka kwenye mazungumzo, anacheka mpaka jino la mwisho. "Shikamoo bibi! Wameshikana mikono! Mwambieni mzee afunge mizigo, njia iko wazi."

Bibi aliendelea kupepeta mchele, hata kichwa hakuinua. "Marahaba, mwanangu. Pole na safari," akamwambia.

Nyumba ile imevunjwa, bibi naye hatunaye, na makaburini pamebanana hivi kwamba kaburi la mzee silijui tena. Nchi zile mbili siku hizi ni chanda na pete. Mimi roho huniuma kwa yule mama wa kijijini, ambaye sikumwona hata siku moja: alifagia, akangoja, na ubavuni mwake hadi leo hajalala mtu.