Ngumi Mbili za Mwalimu

Mwalimu wa fizikia huficha chaki, akawanyooshea wanafunzi wake wa Lodwar ngumi mbili, akauliza iko wapi. Wataalamu wenyewe wanabishana, husema akicheka: kwa baadhi yao chembe ndogo kama elektroni haina mahali mpaka itazamwe, kwa wengine ina mahali pake siku zote, ila sisi hatujui.

Leo yuko nyumbani Lowarengak, na dada yake Nakal hasikii kicheko. Kaka yao hajarudi na mifugo tangu bunduki zilipolia malishoni, na wazee wamepasua mbuzi wausome utumbo, wajue kama yu hai.

"Hii ni damu," anasema mmoja.

"Hapana, hii ni njia ya kurudi," anabisha mwenzake. "Mwalimu, kuja uone."

Mwalimu anarudi nyuma. Nakal anaona amekunja ngumi zote mbili.

"Bado hajafa," mwalimu ananong'ona. "Msinifanye niangalie."