Sumu Chini ya Sakafu ya Ghala

Nilifunga safari kwa sababu ya uongo. Mdogo wangu Haji, anayefungasha mizigo Guangzhou, alinipigia simu akasema amemwagikiwa na maji ya betri, akanitumia picha ya mikono yake. Mimi ni muuguzi Unguja, wodi ya walioungua, na maji ya betri nayajua vizuri. Yale malengelenge ya manjano, makubwa kama mayai, hayakuwa ya betri. Viza ilipotoka tu, nikaondoka.

Xiaobei, mtaa wa Waafrika wa Guangzhou, saa sita mchana. Nilimkuta chumbani kwake, nyuma ya jengo la Tianxiu, macho mekundu, sauti imemkauka.

"Dada, umejisumbua bure. Napona."

"Nani alikwambia ni betri?"

"Laobani, mwenye ghala. Alinipeleka zahanati, akaniambia niseme hivyo."

Akanieleza. Walikuwa wanachimba mfereji ndani ya ghala, huko Xintang, nje ya mji. Sururu yake ikagonga chuma kilichooza kwa kutu, kikavuja kitu cheusi, kizito kama asali, chenye harufu ya kitunguu saumu. Hakikumuuma. Akajifuta kwa suruali, akaendelea na kazi. Baada ya saa kadhaa ngozi ikaanza kuchubuka.

Niliwahi kufundishwa habari ya sumu ya namna hiyo, ya vitani, inayotiwa ndani ya mabomu.

"Kilikuwa kimoja?"

"Vingine vitatu vipo palepale, vimefunikwa turubai. Leo anakuja mtu wa chuma chakavu."

Xintang, alasiri. Tulimkuta mtu huyo ameshapanga mitungi yake ya gesi, amewasha moto wa kukatia, amevaa miwani ya kuchomelea, na kimoja cha vyuma vile kimelazwa juu ya matofali. Nilipiga ukelele ambao hata Haji hajapata kuusikia kwangu. "Mwambie azime! Tutakufa wote!" Haji akamtafsiria kwa sauti yake ile ya kukwaruza. Yule mtu akamtazama mikono, akazima moto, akarudi nyuma. Hakuwa ameambiwa lolote.

Laobani akaja mbio. "Meiyou! Hakuna kitu! Vyuma vya zamani tu." Kisha akampigapiga Haji begani, kwa upole, akisema mambo haya yamalizwe kirafiki. Alitaka kufunika kombe mwanaharamu apite. Niliuondoa mkono ule begani kwa mdogo wangu. "Haji, piga simu polisi. Sasa hivi."

Kwa siku mbili mtaa mzima ulifungwa, na Haji akalazwa hospitali kubwa. Siku ya tatu wataalamu waliniita kueleza nilichokiona. Mkuu wao, mama wa makamo aliyejua Kiingereza, alinionyesha kwa mbali watu waliovaa mavazi mazito na vinyago, wakiyabeba mabomu yale kama watoto wachanga, wakayatia kwenye mapipa yasiyopitisha hewa.

"Mtayafanya nini?"

"Tutayapeleka kwenye chumba cha chuma kinene, tuyalipue humo ndani. Moshi unachujwa, maji yanasafishwa, mabaki yanapimwa. Ni kazi ya polepole."

"Nani aliyaacha?"

"Jeshi lililotuvamia, zama za bibi yangu. Liliposhindwa, liliyafukia likaenda zake."

Nikamuuliza yamebaki mangapi nchi nzima. Akavua glavu, kidole kimoja kimoja, kabla ya kunijibu.

"Hatuna ramani. Mara nyingi tunaonyeshwa na walioungua."

Nilirudi Unguja na Haji. Mikono imepona, yamebaki makovu. Kifua hakijapona, ngazi chache tu anapumzika. Wanaokuja kumjulia hali huniambia tushukuru, ni ajali. Nawakatalia. Nimejifunza kwamba mtu mmoja huitengeneza sumu, mwingine huizika, mwingine huikuta akaifunika turubai, na kila mmoja huamini atakayeumia ni mtu asiyemjua. Mtu huyo ni Haji bin Makame, ana miaka ishirini na tisa, na usiku analala amekaa.