Mkono Alioutaja Keziah Tull

Miaka kumi na moja nilikaa benchi moja na Keziah Tull, tukishona matanga bandarini Baltimore. Alikuwa mjane mwenye ulimi mkali na wana wawili, Levin na Elzey.

Serikali ilipozuia meli zetu kwenda ng'ambo, eti Waingereza na Wafaransa washike adabu, walioshika adabu ni sisi. Bandari ikafa. Tulikula uji wa mahindi asubuhi na jioni, mwaka mzima na zaidi. Njia ilipofunguliwa, Levin akaapa kupanda meli ya kwanza.

Kila baharia wetu alibeba cheti, kwa sababu Waingereza walisimamisha meli zetu baharini na kuwakamata watu wakawatumikie, wakidai ni raia wao. Cheti kilitaja alama za mwili, na Keziah ndiye aliyekula kiapo kwa ajili ya mwanawe. Alisimama akimtazama uso kwa uso, kama alivyomtazama tangu akimnyonyesha. "Ana kovu la moto mkono wa kulia," akasema. Karani akaandika bila kuinua macho. Levin hakusikiliza, alikuwa akichungulia meli yake dirishani. Kovu lilikuwa kushoto kwake, upande wa kulia wa mama aliyemtazama.

Meli ilirudi bila yeye. Nahodha alisimulia jinsi ofisa Mwingereza alivyosoma cheti, akamkunja Levin mikono ya shati, akacheka. "Hiki umekinunua," akamwambia, akamchukua.

Keziah aliniambia mimi peke yangu. Miaka mitatu nilibeba siri ile, na najuta.

Kisha zikaja habari za vita huko magharibi, mtoni Wabash, askari wetu na Wahindi wekundu. Hakuna aliyeuliza ardhi ile ilikuwa ya nani. Tuliambiwa tu kwamba Wahindi wale walipewa bunduki na Waingereza wa Kanada, na hilo likatosha. Juni vita dhidi ya Waingereza vikatangazwa, na watu wazima wakacheza barabarani kama wamelewa.

Fundi kofia mmoja, Seth Rusk, alipanda juu ya pipa akiandikisha askari. "Kwa waliokufa Wabash! Kwa Levin Tull!"

Elzey alikuwa kwenye foleni. Mama yake akamshika shati.

"Toka hapo, twende nyumbani."

"Mama, wamemchukua kaka!"

"Nimempoteza mimi. Nilitaja mkono siyo. Kovu lilikuwa kushoto, mwanangu, nami nikasema kulia."

"Mama Levin, uchungu umekuzidi," Seth akasema. "Kapumzike."

"Nyamaza wewe! Usiuze jina la mwanangu!"

"Haya jamani, askari wetu bado ananyonya!" mtu akapiga kelele, na foleni nzima ikacheka.

Elzey hakucheka. "Miaka mitatu, Mama? Mimi kila usiku nawalaani Waingereza, wewe unanisikiliza tu?"

"Niliona aibu."

Akamtoa mama yake mkono kwenye shati, kidole kimoja kimoja.

"Basi sasa nina sababu mbili za kuondoka," akasema, akachukua kalamu.